Radhi za Mji Mzima

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, simu yangu hujaa toba. Watu ambao hata salamu hawanipi njiani huniletea picha za maua na mwezi mwandamo, na chini yake maneno yale yale: kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, naomba unisamehe. Aliyeyaandika hajulikani, aliyekosewa hajulikani, na kosa lenyewe halijulikani. Yuko mwanamke mmoja wa mtaa wetu aliyenivunjia uchumba wangu wa kwanza kwa ulimi wake, na yeye huniletea waridi jekundu. Mie humjibu, "Amin, na wewe pia," kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, kisha nnakaa nnamtukana kimoyomoyo mpaka adhana ya magharibi.

Mji Mkongwe huu wetu una kanuni za maisha mema nyingi kuliko mifereji. Ukikaa barazani kidogo utafundishwa subira, ukipita dukani utafundishwa shukurani, na ukichelewa kuolewa utafundishwa yote kwa pamoja. Lakini kanuni iliyo juu ya zote ni sitara. Msitiri mwenzio, jisitiri mwenyewe, la ndani lisitoke nje. Neno zuri, sikatai, na dini imelisema. Ila sisi tumelikuza mpaka limeenea kila kitu: mume anayepiga husitiriwa, kijana anayevuta unga husitiriwa, muongo naye akipata bahati ya kuwa na ukoo mzuri husitiriwa vizuri zaidi. Asiyesitiriwa ni yule anayefungua mdomo kusema kaumia.

Mie ni fundi wa kushona mabuibui, na imani yangu ya kuishi na watu siku zote ilikuwa moja na fupi: kosa litajwe kwa jina lake, aliyekosa aseme ni mimi, basi liishe. Jamaa zangu huniambia hiyo ni damu ya Kitumbatu ya upande wa baba, watu wa bahari hawajui kupinda maneno. Huenda. Upande wa mama ni watu wa mjini hapa hapa, wenye asili ya Kiarabu, ambao mababu zao walikuwa na mashamba ya karafuu na wao leo hawana hata mche. Mashamba yalikwenda, wakabaki na adabu, na hiyo wameishika kwa mikono miwili.

Aliyeishika kuliko wote alikuwa mama mkubwa, dada yake mama. Huyo alikuwa chuo cha uungwana. Wasichana waliokuwa karibu kuolewa waliletwa kwake afundishe namna ya kukaa, namna ya kunyamaza, na namna ya kumkaribisha mgeni usiyempenda. Baadaye alihamishia chuo kwenye simu. Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, ukoo mzima tulikuwa tukipata somo: ulimi ni moto, muungwana ni kitendo, mwanamke ni pazia la nyumba yake. Kina mama walioko Maskati walikuwa wakimjibu kwa mikono iliyofumbatana ya dua. Mama yangu alikuwa akisoma, anaizima simu, anakwenda zake kuchambua mchele.

Walikuwa wakikaa nyumba moja. Nyumba ya babu ina ghorofa moja juu: mama mkubwa juu kwa kuwa ndiye mkubwa, mama na mie chini tangu baba alipofariki na tukarudi kutoka Mkokotoni. Na hawakuwa wakisemezana. Sahani tu ndizo zilizokuwa zikisema. Mama mkubwa akipika biriani huteremsha sahani kwa kikapu cha kamba kupitia dirishani, kile kile anachonunulia mboga kwa wachuuzi wa njiani, na kwa kuwa kwetu sahani hairudi tupu, mama huipandisha na visheti, au sambusa, au ndizi za nazi. Kikapu kilipanda na kushuka miaka na miaka. Mgeni angetazama angesema mashaallah, ndugu wanaopendana hawa.

Sababu ilikuwa siku ya kufa bibi, mama yao.

Bibi alikuwa akikaa juu. Siku zake za mwisho akaomba ateremshwe chini kwa binti yake mdogo, akisema mikono yake mepesi. Kwa mama mkubwa lile lilikuwa pigo. Mama yake mzazi anamwacha yeye, mke wa watu wakubwa, anakwenda kugeuzwa kitandani na mjane wa muuza dagaa. Hakusema kitu, maana yeye hasemi. Alfajiri ya siku ile aliteremka, akamkuta mama anasali pembeni ya kitanda, na yeye akatandika mswala wake, wakasali bega kwa bega. Bibi alikata roho jua likichomoza, mkono wake umo mkononi mwa mama yangu.

Wakaja wanawake, akaja bibi mwosha maiti wa mtaa wetu, maji yakachemshwa na majani ya mkunazi, pazia likafungwa. Mama akakunja mikono ya nguo yake aingie amuoshe mama yake. Na mama mkubwa, mlangoni, mbele ya wanawake wote, akasema kwa sauti yake ile ya upole, "Mdogo wangu hatoingia. Hasali."

Kwetu mwanamke ukisemwa husali maana yake umo katika siku zako, na ada ya wazee wetu ni kuwa wa namna hiyo hamkaribii maiti anapooshwa. Wapo wenye elimu wanaosema hata angekuwa hivyo asingezuiwa, lakini nani wa kufungua kitabu wakati ule? Wanawake walimtazama mama, wakasogea, wakaziba mlango. Naye angesema nini? Asimame pale aeleze habari za mwili wake, na wanaume wako ukumbini na jeneza, wanasikia? Aliyemfundisha tangu utotoni kuwa mwanamke mwenye adabu hayataji mambo hayo alikuwa ni dada yake huyo huyo. Alimfunga kwa kamba aliyomsokotea mwenyewe. Mama alirudi nyuma, akakaa juu ya ngazi, akasikia maji yanamwagwa upande wa pili wa pazia mpaka yakaisha.

Watu husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Ya walio hai tunaijua sote, tunaifunika.

Basi mwaka jana mwanawe wa Maskati akamlipia mama mkubwa safari ya hija. Mtaa ukatetemeka kwa furaha. Akaanza kwenda darasa la mahujaji, na siku moja alirudi nikakutana naye ngazini, amekaa, mkoba mapajani, uso umemsawijika. Nikamuamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa mbali. Akanieleza kuwa mwalimu kawaambia Mungu husamehe haki zake, lakini haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe asamehe. Mtu anaweza kwenda Makka akarudi na jua la bure. Nikamwambia basi huyo mja yuko nyuma ya mlango ule pale. Akaniambia nimsindikize kesho, anataka kuanza kuomba radhi mjini.

Mie mwenyewe nikambebea mkoba, nisikose tamasha. Tulianza Darajani kwa muuza viungo, mtu ambaye kwa miaka yote amekuwa akimwekea mama mkubwa mawe madogo ndani ya pilipili manga. Yule ndiye aliyeombwa radhi, na akaitoa kwa ukarimu mkubwa. Tukaenda kwa muuza samaki, kwa fundi saa, kwa mke wa daktari. Jirani yetu aliyegeuza nyumba kuwa hoteli hakuwepo, akaombwa radhi binti wa mapokezi, mgeni kutoka bara, ana wiki mbili tu mjini, akalia kwa uchungu utadhani kweli kakosewa. Mama mkubwa alilia naye. Kila mlango maneno yalikuwa yale yale, nilokukosea kwa kujua na kwa kutojua, na kila mlango tulipewa sharubati. Tuliporudi nyumbani nilikuwa na hakika mji mzima umekosewa isipokuwa sisi.

Mama alikuwa akijua. Habari zilimfika kabla ya miguu yetu. Siku ile aliosha vikombe vizuri vya kahawa, vile vya arusi yake, na kila siku baada ya hapo alasiri alijifunga kanga mpya, akafukiza udi, akakaa. Nilimuuliza anamngoja nani, akaniambia hamngoji mtu, chumba kina harufu ya unyevu. Nilikuwa nikimtazama anavyogeuza kichwa kila ngazi inapolia, na moyo ukinichoma. Mwanamke mtu mzima, anangoja neno moja.

Mama mkubwa alikuja Ijumaa, siku nne kabla ya safari. Hakuja peke yake, hathubutu. Alikuja na wanawake wazee watatu, akiwamo yule yule bibi mwosha maiti, ambaye sasa haoni vizuri lakini kusikia anasikia. Wakasalimiana, wakaulizana hali za wagonjwa, wakasifu udi. Kahawa ikamiminwa. Kisha mama mkubwa akajitengeneza mtandio wake.

"Mdogo wangu," akasema, "nnakwenda kwa Mola wangu. Nilokukosea kwa kujua na kwa kutojua, nnaomba radhi yako."

Mama akaweka kikombe chini.

"Ya kutojua nshakusamehe yote, dada. La kujua, litaje."

Wallahi nilitaka kupiga vigelegele. Hapo ndipo ilipokaa imani yangu, na sikujua kama mama yangu naye anaifuata. Wale wazee wakaanza kutazama dari. Dari yetu haina kitu ila boriti na utando wa buibui, lakini ilitazamwa siku ile kama ina maandishi. Mama mkubwa akainama, akamsogelea mama sikioni, midomo ikacheza. Alinong'ona maneno machache. Nikajua kalisema.

Mama hakuondoa uso wake. "Sauti, dada," akamwambia. "Na lile la siku ile ulilisema kwa sauti."

Sasa tazama watu wetu. Wale wazee watatu, ambao mmoja wao aliziba mlango kwa mwili wake mwenyewe, walikurupuka wote kwa pamoja. Bibi mwosha akasema jamani yapiteni, wanangu, sitirianeni, Mungu mwingi wa kusitiri. Wa pili akasema mtu anakwenda hija msimtie unyonge. Wa tatu akaniuliza mie kama nimeshawahi kushona buibui la mikono mipana. Walikuwa na haraka kuliko mama mkubwa mwenyewe, maana neno lile lingesemwa kwa sauti lingewafika na wao. Wakamnyanyua, wakampandisha juu. Kahawa ikapoa.

Basi ukaanza ujanja. Jumamosi kikapu kiliteremka na halua ya zafarani. Mama akakipandisha na mkate wa kumimina. Jumapili akaja bibi mwosha peke yake, akasema yeye ndiye anayeomba kwa niaba. Mama akamshika mkono mpaka nje, asijikwae kizingitini, akamwambia radhi haina wakala. Usiku huo huo mama mkubwa akatuma ujumbe wa sauti, mrefu, una aya, una hadithi, una kilio cha kweli, una habari za utoto wao walipokuwa wakilala kitanda kimoja, una kila kitu isipokuwa jambo lenyewe. Mama aliusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia niurudishe mwanzo, pengine limempita. Nikaurudisha. Halikuwemo.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia mama amwache aende na hija yake ya bati, huko Makka kuna mawe ya kutosha ya kumpiga shetani, ampige na wake mwenyewe. Mama akanigombeza. Akasema dada yake anaogopa, na mtu anayeogopa hachekwi. Nikainamia cherehani, nikaendelea kumcheka humo.

Siku ya safari, baada ya sala ya alasiri, watu walijaa kichochoroni. Gari haliingii kwetu, mahujaji hutolewa kwa miguu mpaka barabarani, na hapo ndipo mji wetu hupendeza: wazee wa barazani wamesimama, wanawake wamebeba vyetezo, imamu wa msikiti wetu amekwisha kusoma dua na watu wameitikia amin na kuleta takbira. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Mama mkubwa alikuwa amevaa nyeupe toka juu hadi chini, anasalimiana mkono kwa mkono. Alipofika mbele ya mama, badala ya kuinama kumbusu akageuka, akawaelekea watu. Nilidhani anataka kuaga.

"Siku aliyokufa mama yetu," akasema, na sauti ile ya upole ikamkatika katikati, akaianza upya. "Siku aliyokufa mama yetu, mdogo wangu huyu alikuwa akisali. Tulisali pamoja alfajiri. Mimi nilisema hasali ili asimuoshe, na nilijua kuwa ni uongo. Nimesema."

Kichochoro kizima kikatafuta pa kutazama. Wanaume wa barazani wakazitoa simu zao wote, kila mmoja kapata ujumbe wa haraka. Imamu akakohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Mtembeza wageni aliyekuwa akipita na Wataliano wake wamevaa kofia za ukindu alisimama, mgeni mmoja akamuuliza kitu, akajibu, wote wakatabasamu na kupiga picha. Sijui aliwaambia nini, labda kuwa ni ngoma ya asili.

Mama alimtazama dada yake. Akaificha mikono yake ndani ya kanga.

"Nimekusikia, dada," akasema. "Radhi yangu unayo. Nenda salama, na mimi uniombee."

Wakakumbatiana. Mama mkubwa alikuwa akilia mpaka mabega yanapanda, na kusema kweli na mie nililia, nikafuta uso kwa haraka watu wasinione. Akaondoka, umati ukamfuata, takbira zikaanza upya kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, kufidia.

Hawakufika hata kona, mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu. Nilisikia kwa masikio yangu. Ati kajivua nguo mwenyewe, mtu mzima. Ati angesema ndani, nje kuna nini? Na mbele ya wanaume, habari za kike, hata haya hana. Ati ndiyo hija gani hii inayoanza na fedheha. Miaka yote hiyo hakuna aliyemlaumu kwa kusema uongo; siku aliyosema kweli hakubaki wa kumtetea. Wasichana wawili waliokuwa wamepangwa kuletwa kwake kufundishwa uungwana wametafutiwa mwalimu mwengine. Na masomo ya asubuhi katika simu siku hizi anayatuma binamu mmoja wa Maskati, jana alitufundisha faida za ukweli.

Mie lakini jioni ile nilikuwa juu ya mawingu. Imani yangu imeshinda. Kosa limetajwa kwa jina lake, aliyekosa kasema ni mimi, limekwisha. Niliingia ndani nikiwa tayari kufanya sherehe, nikamkuta mama amekaa juu ya ngazi, siyo kitini, kanga mpya imemteremka mabegani. Nikakaa chini yake. Nikamwambia haya, mama, Alhamdulillah, umeipata haki yako, na mji mzima umesikia. Sasa moyo si umetua?

Alikuwa akiitazama mikono yake, ndani na nje.

"Kusamehe nilimsamehe zamani, mwanangu," akasema. "Mama yangu ndiye sijamuosha."